Nyumba Zilizotahiniwa

Familia za Kikristo zinazosomesha watoto nyumbani huko Marekani zina jibu lililo tayari kwa anayeziona kuwa kioja: shule ndiyo iliyozuka jana, nyumba ilikuwepo tangu zamani. Historia haizipingi. Kabla serikali za Ulaya hazijajenga madarasa vijijini, watoto wengi waliojua kusoma walifundishwa na mama, baba au ndugu mkubwa, na kitabu cha kwanza kilikuwa cha dini. Anayetaka ushahidi mzito kuliko wote aende Uswidi ya karne ya 17 na ya 18, ambako wakulima wa nchi nzima walijifunza kusoma ilhali shule za vijijini zilikuwa za kuhesabika. Ila ushahidi huo ukifuatwa mpaka mwisho unasema na jambo la pili, ambalo watetezi wa elimu ya nyumbani hawalitaji sana. Nyumba za Uswidi hazikufaulu kwa sababu ziliachwa zifanye zitakavyo. Zilifundisha, kisha zikatahiniwa, tena mbele ya majirani.

Chanzo kilikuwa sheria ya kanisa ya mwaka 1686, enzi ya Mfalme Karl XI. Iliagiza kwamba watoto pamoja na vibarua na wajakazi wajue kusoma, wajionee yaliyoandikwa badala ya kutegemea masikio. Haikujenga shule. Mzigo ilimtwika mwenye nyumba, kwa kila aliyelala chini ya paa lake, na kitabu cha kufundishia kilikuwepo tayari: Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, ambayo mwishoni inataja wajibu wa kila mtu nyumbani, mume kwa mke, mzazi kwa mtoto, bwana kwa mtumishi. Mwaka 1689 yakatoka maelezo ya Askofu Mkuu Olov Svebilius juu ya katekisimu hiyo, na mwaka 1695 kikaja kitabu cha nyimbo, ambacho kwa kaya nyingi hakikuwa na vitabu vingi vya kushindana navyo rafuni. Mchungaji naye akapewa kazi ya kukagua. Kila mwaka, aghalabu shughuli za shamba zikiwa zimepungua, alizunguka mtaa baada ya mtaa wa usharika wake. Watu wa mtaa walikusanyika katika nyumba ya mkulima mmoja, naye akawaita kaya kwa kaya, mmoja mmoja, wasome. Aliyeshindwa alibanwa mahali panapouma: asiyeijua katekisimu hakukaribishwa kwenye Meza ya Bwana, na asiyeifikia Meza ya Bwana hakufungishwa ndoa. Kijana mwenye mchumba alikuwa na sababu ya kutosha ya kushika kitabu.

Matokeo yaliandikwa. Daftari za mitihani hiyo, ambazo Uswidi imezihifadhi kwa wingi wa kushangaza, zinaorodhesha kaya moja moja: baba, mama, watoto kwa kufuata umri, kisha watumishi. Mbele ya kila jina kuna mwaka wa kuzaliwa, halafu safu nyembamba za alama. Safu moja ni ya kusoma kitabuni, nyingine ya kusema katekisimu kwa moyo, na mara nyingi iko ya tatu ya kuelewa. Wachungaji wengi hawakujisumbua kuandika maneno. Walitia kistari, baadaye wakaongeza kistari kingine juu yake, hata alama ikakamilika mtu alipofikia kiwango. Kwa hiyo mtafiti anaweza kumfuata msichana mmoja tangu kistari chake cha kwanza hadi anapohamia shamba jingine kuwa mjakazi, na huko anamkuta tena katika daftari la bwana mwingine. Mwanahistoria Egil Johansson wa Chuo Kikuu cha Umeå aliyachambua maandishi haya, akianzia na sharika kama Bygdeå huko kaskazini, na miaka ya 1970 akachapisha aliyoyakuta. Wazee wa mwanzo wa kampeni hiyo walisoma kwa shida au hawakusoma kabisa, vijana wakawazidi, na vizazi vichache baadaye asiyejua kusoma akawa mtu wa kuulizwa kulikoni. Wanawake hawakuachwa nyuma. Kwingine waliwatangulia wanaume. Katika Ulaya ya wakati ule hilo halikuwa jambo la kawaida hata kidogo.

Mkosoaji atasema huko si kusoma, ni kukariri. Watu wa pwani yetu wanaijua hoja hii kutokana na mijadala mirefu kuhusu vyuo vya Kurani, na si hoja ya kupuuzwa: mtoto aliyeisikia katekisimu kila jioni tangu utotoni anaweza kuufuatisha mstari kwa kidole huku ulimi ukisema kilichomo kichwani. Lakini wachungaji wenyewe waliliona tatizo hilo mapema, ndiyo maana wakatenganisha safu. Mchungaji anayempa mtu alama ya juu katika kukariri na ya chini katika kusoma kitabuni, au kinyume chake kwa jirani yake, hapimi kitu kimoja mara mbili. Ninachokubaliana nacho ni kwamba usomaji huo ulikuwa mwembamba. Maandishi yalikuwa yale yale, herufi zile zile za kale za Kijerumani zilizotumika kuchapa vitabu vya dini, na mkulima aliyepewa gazeti au barua ya mkono angeweza kukwama. Ulikuwa usomaji wa vitabu vichache vilivyorudiwa maisha yote, na huenda ndiyo sababu ulidumu.

Tena usomaji huo usichukuliwe kuwa ulikuwa wa woga mtupu. Katika vitabu vya alfabeti vya Uswidi na Ufini ukurasa wa nyuma ulikuwa na picha ya jogoo. Mtoto akisoma vizuri, aliambiwa aache kitabu usiku, na asubuhi alikuta jogoo ametaga: sarafu ndogo au peremende katikati ya kurasa. (Mtoto wa mkulima alijua fika kwamba jogoo hatagi, wala hakuona haja ya kulisema.) Kalenda nayo ilisaidia. Majira ya baridi, siku ikiwa fupi na ng'ombe wamefungiwa zizini, ndiyo yaliyokuwa na nafasi ya herufi. Krismasi ilianza kwa ibada ya alfajiri kanisani, na sikukuu zake zilifungwa rasmi siku ya Knut, tarehe 13 Januari. Kanisa likiwa mbali na njia imefungwa na theluji, mwenye nyumba aliisoma hotuba ya siku hiyo kutoka kitabu cha mahubiri, kaya yote ikimsikiliza. Mwaka 1772 serikali ya Gustav III iliifuta siku ya tatu na ya nne ya Krismasi, Pasaka na Pentekoste pamoja na sikukuu nyingine kadhaa, ili watu wafanye kazi zaidi. Mtihani wa kaya haukuguswa, na wenyewe ukawa sikukuu ya aina yake. Nyumba iliyokuwa na zamu ya kumpokea mchungaji ilisafishwa, vyakula vikapikwa, na maswali yakiisha watu wakakaa mezani. Aliyepitia fedheha asubuhi, huyo huyo alikula na kunywa na waliomcheka.

Fedheha hiyo haikuwa ndogo. Riwaya ya Aleksis Kivi kuhusu ndugu saba, iliyotoka Ufini mwaka 1870, imewaonyesha wanaume wazima wakifundishwa herufi kwa mwimbishaji wa kanisa hadi wanatoroka kwa kupitia dirishani. Ufini ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi mpaka 1809 na ilirithi desturi hiyo hiyo, kwa hiyo wasomaji wa Kivi hawakuhitaji kuelezwa aibu hiyo ni ya nini. Hapa kuna pingamizi zito zaidi kuliko lile la kukariri: kwamba mfumo huu ulikuwa mkono wa dola ndani ya nyumba za watu, na mzazi Mkristo wa leo anayeogopa serikali kuingilia imani yake hana la kujifunza kwake ila tahadhari. Ni kweli kwamba kanisa la Kilutheri lilikuwa dola. Amri ya mwaka 1726 ilipiga marufuku mikutano ya kidini ya faragha, ikaruhusu ibada za kaya tu, na haikufutwa hadi 1858. Lakini tazama nani aliivunja. Walikuwa wakulima wa kaskazini walioitwa wasomaji, watu waliofundishwa kusoma nyumbani ili watii, nao wakaanza kukusanyika kusoma bila mchungaji. Mmoja wa waliotokea katika mazingira hayo, Eric Jansson, alifika mbali hata wafuasi wake mwaka 1844 wakachoma vitabu vya Luther na kubaki na Biblia. Mwaka 1846 walivuka bahari na kuanzisha kijiji cha Bishop Hill huko Illinois. Simtaji kama mfano mwema. Namtaja kwa sababu ukaguzi uliompima haukumfanya kibaraka. Mtu akishajua kusoma, mkaguzi hana namna ya kuamua atasoma nini.

Upungufu mkubwa wa nyumba hizo ulikuwa mwingine. Sheria haikudai kuandika, na kisichodaiwa hakikufundishwa: watu wengi waliosoma vizuri hawakuweza kuandika majina yao. Hesabu, jiografia na mengineyo yalitegemea bahati ya mtoto. Kaya maskini zaidi, zenye mama mmoja anayefanya kibarua, zilishindwa hata na herufi, na daftari zimeandika kushindwa huko. Kwa hiyo mwaka 1842 amri ilitoka kwamba kila usharika uwe na angalau shule moja na mwalimu, ndani ya miaka mitano. Kwa muda mrefu bado mzazi aliweza kufundisha mwenyewe, na shule nyingi zilitarajia mtoto aje akijua kusoma. Daftari za zamani zilibadilishwa mwaka 1895.

Marekani nako, urithi ambao familia za leo hujivunia una ukaguzi ndani yake. Koloni la Massachusetts, lililokuwa la Wapuriti, lilipitisha sheria mwaka 1642 kuwataka wazazi na mabwana wafundishe watoto kusoma na kuelewa misingi ya dini, na likawapa viongozi wa miji mamlaka ya kuwauliza na kuwatoza faini. Mwaka 1647, baada ya kuona wazazi hawatekelezi, likaagiza kila mji wa kaya 50 uajiri mwalimu. Harakati za elimu ya nyumbani za karne ya 20 zilitaka kinyume chake. Chama cha kuzitetea familia hizo mahakamani kiliundwa mwaka 1983, na kufikia 1993 kusomesha nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50. Lakini Texas haimdai mzazi hata kujiandikisha, wakati Pennsylvania inataka kazi za mtoto zikaguliwe kila mwaka na mtu mwenye sifa. Mzazi makini wa Texas atasema hahitaji mkaguzi, na huenda yeye hahitaji. Daftari za Uswidi hazikuwekwa kwa ajili yake. Ziliwekwa kwa ajili ya kaya ya tatu kutoka kwake, ambako mtoto wa miaka 10 hajui herufi na hakuna anayejua kwamba hajui.

Uswidi yenyewe imefanya kosa la upande wa pili. Sheria yake ya elimu ya mwaka 2010 inaruhusu kusomesha nyumbani kwa sababu za kipekee mno, na imani ya familia si mojawapo. Badala ya kukagua nyumba, imeifunga. Baadhi ya familia zilihamia Åland, visiwa vya Ufini vinavyozungumza Kiswidi, ambako sheria humlazimisha mtoto kujifunza bila kumlazimisha kukaa darasani, na halmashauri hufuatilia kama kweli anajifunza.