Siku Mpaka Ulipotushukia

Ukitoka Nakuru kwenda Nairobi kwa barabara ya chini, ile ya malori, unapita Longonot. Babangu hakukosa kunionyesha dishi kubwa la kituo cha setilaiti kilichofunguliwa 1970. "Simu za ng'ambo hupitia hapo," alisema, kana kwamba ni yeye aliyelijenga.

Nikaja kuwa mwalimu wa fizikia. Siku moja msichana wa kidato cha tatu akaniuliza: "Mwalimu, haya mambo ya anga yamewahi kutuhusu sisi?" Nikamjibu, bila hata kufikiri, kwamba hapana, hayo ni ya wenye pesa.

Nilimdanganya. Tarehe 15 Novemba 1971, kwenye jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani iitwayo Explorer 45. Ilikuwa na uzito wa kilo 50 na kitu tu. Roketi yao, setilaiti yao, sawa, lakini mahali hapakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi, na setilaiti hupita palepale unapozunguka mkondo wa umeme ambao dhoruba za jua huutia nguvu. Mkondo huo ndio waliotaka kuupima.

Sasa hebu nieleze nilichopaswa kumweleza yule msichana. Jua hutupulizia plazma, yaani gesi ambayo elektroni zake zimeachana na atomu, kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Sumaku ya dunia huizuia. Pale msukumo wa huku unapolingana na wa kule, ndipo mpaka ulipo. Upande wa mchana, kwa kawaida huwa umbali wa nusukipenyo 10 hivi za dunia, karibu kilomita 64,000 kutoka kiini chake. Explorer 45 haikufika hata 6. Haikutumwa mpakani.

Mpaka ukaifuata. Tarehe 4 Agosti 1972 jua lilitupiga kwa dhoruba kali ajabu, na vipimo vya setilaiti hiyo vikaonyesha mpaka umesukumwa hadi nusukipenyo 5.2. Setilaiti za simu, kama zile dishi la Longonot lilizozielekea, hukaa kwenye 6.6. Maana yake, siku hiyo zilizokuwa upande wa mchana zingeweza kujikuta nje ya ngao kabisa! Huko Vietnam, mabomu ya Wamarekani yaliyotegwa baharini kusini mwa Hai Phong yalilipuka yenyewe. Yalitegemea sumaku kuhisi meli. Na wanaanga wa Apollo 16 walikuwa wamesharudi tangu Aprili, wa Apollo 17 wakaenda Desemba. Katikati hapo hakuna aliyekuwa njiani kwenda mwezini. Bahati tupu.

Haya yote niliyasoma miaka mingi baadaye. Babangu alikuwa ameshafariki, na yule msichana alishamaliza shule. Nimeuliza wenzake namba yake. Wawili wameniambia yuko Eldoret, mmoja anasema Doha.