Damu Kavu Karatasini

Damu kavu karatasini ni njia ya kuchukua, kuhifadhi na kusafirisha damu ya mwanadamu kwa kuidondosha matone machache juu ya karatasi nene ya pamba na kuiacha ikauke, ili maabara iliyo mbali iweze baadaye kuikata karatasi hiyo, kuiroweka, na kutafuta ndani yake alama za maradhi. Wahudumu wa kliniki za Afrika ya Mashariki huiita kwa herufi tatu tu, DBS (kwa Kiingereza dried blood spot), na katika nchi hizi imetumika hasa kwa mambo mawili: kutambua maambukizi ya virusi vya Ukimwi (VVU) kwa watoto wachanga, na kupima wingi wa virusi hivyo katika damu ya watu wanaotumia dawa za kuvifubaza. Fadhila yake kubwa ni kwamba damu iliyokauka haidai barafu, wala haidai haraka ile inayodaiwa na damu mbichi. Na mahali ambapo zahanati haina umeme na barabara hukatika kila masika, hilo si jambo dogo.

Asili ya njia hii haihusiani na Ukimwi wala na Afrika. Mnamo mwaka 1963, Robert Guthrie, tabibu wa Kimarekani aliyefanya kazi katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, alitangaza pamoja na msaidizi wake Ada Susi namna ya kuwapima watoto waliozaliwa karibuni maradhi ya kurithi yaitwayo fenilketonuria, ambayo yasipogunduliwa mapema huudhuru ubongo wa mtoto, kwa kutumia damu ya kisigino iliyonyonywa na karatasi na kupelekwa maabara kwa posta. Miaka 25 hivi baadaye, watafiti wa jimbo la Massachusetts walizitumia karatasi za namna hiyo hiyo, zilizokwisha kukusanywa kwa watoto, kutafuta kingamwili za VVU. Na kwa kuwa kingamwili za mtoto mchanga hutoka kwa mama yake, karatasi zikawajulisha ni akina mama wangapi waliozaa hali wana maambukizi. Haukupita muda mrefu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikathibitika kuwa hata vinasaba vya kirusi chenyewe hudumu katika damu kavu na vyaweza kuzidishwa maabarani mpaka vionekane.

Kazi ya kuitoa damu ni nyepesi kuisimulia, lakini haitaki papara. Kadi huwa na duara tano zilizochapwa, kila moja ikichukua kiasi cha mikrolita 50 hadi 75 za damu. Mtoto mdogo huchomwa kisiginoni, aliyekua kidogo huchomwa katika kidole gumba cha mguu, na mkubwa huchomwa katika ncha ya kidole cha mkono; kwa mtu mzima yafaa pia damu ya mshipa iliyokwisha kutiwa katika kichupa. Tone la kwanza hufutwa kwa pamba kavu. Linalofuata huachwa likue lenyewe mpaka liguse karatasi, wala kidole hakikamuliwi, maana kukamua huchanganya damu na maji ya nyama. Na duara hujazwa kwa tone moja kubwa linalopenya hadi upande wa pili, si kwa vitone vingi vilivyopandiana, ambavyo hufanya damu iwe nzito hapa na nyepesi pale. Kisha kadi hulazwa pahali palipo tambarare, mbali na jua, vumbi na inzi, kwa saa zisizopungua tatu au nne, na aghalabu usiku kucha, hata wekundu wake ugeuke hudhurungi. Ikikauka hufungwa katika mfuko usiopitisha hewa pamoja na vifuko vidogo vya kunyonya unyevu na kikaratasi kinachobadili rangi unyevu ukizidi. Vifuko hivyo huonekana si kitu, na ndivyo vinavyoanza kukosekana ghala inapoishiwa. Ilhali katika miji ya mwambao, ambako hata chumvi huloa mezani, kadi iliyofungwa bila vifuko hivyo hupoteza ushahidi wake kidogo kidogo pasipo mtu kutambua.

Sababu ya uthabiti wa damu kavu ni kuondoka kwa maji. Vimeng'enya vinavyokata vinasaba vipande vipande hufanya kazi penye maji, na maji yakitoweka navyo hutulia. Virusi navyo hupungukiwa sana na nguvu ya kuambukiza, hata bahasha ya kadi hizo ikaweza kubebwa kwa hatari ndogo kuliko kichupa cha damu kinachoweza kuvunjika njiani. Kipimo cha kawaida cha wingi wa virusi hutaka plazima, yaani maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, na kuyatenga kunahitaji mashine ya kuzungusha damu, umeme wa kuiendesha, mtu aliyefunzwa, na muda usiozidi siku moja tangu damu ilipotoka mwilini, kisha baridi mpaka maabarani. Zahanati nyingi za vijijini hukosa baadhi ya hivyo, au vyote.

Faida ya kwanza iliyodhihiri ni ya watoto. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hubeba kingamwili za mama yake zilizopita katika kondo la nyuma, nazo zaweza kukaa katika damu yake hata miezi 18. Kwa hiyo kipimo cha haraka kinachotafuta kingamwili chaweza kumhukumu mtoto asiye na kirusi hata kimoja. Sharti kitafutwe kirusi chenyewe, na kitafutwe mapema: Shirika la Afya Duniani limeagiza kipimo kifanywe mtoto afikapo wiki 4 hadi 6. Ukali wa agizo hilo una sababu. Katika watoto waliopata maambukizi na wasitibiwe, takriban theluthi hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na nusu kabla ya kutimiza miwili. Na utafiti wa Afrika ya Kusini uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kuwaanzishia dawa katika wiki za mwanzo za uhai, badala ya kungojea dalili, kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Bila karatasi, mama wa kijijini angelazimika kumbeba mtoto wake hadi hospitali ya rufaa kwa ajili ya tone moja la damu.

Mintarafu ya watu wazima na watoto walio katika dawa, mambo si sahili kiasi hicho. Kwa miaka mingi, tabibu wa kliniki ya kawaida alijua kuwa dawa zimeshindwa pale mgonjwa alipoanza kukonda au chembe zake nyeupe za kinga, ziitwazo CD4, ziliposhuka, na wakati huo virusi vilikuwa vimekwisha kuzaliana na kujifunza kuzistahimili dawa. Ndipo mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kuwa wingi wa virusi uwe ndio kipimo kikuu cha kufuatilia tiba, na nakala 1000 katika mililita moja ya plazima ziwe mpaka: aliye chini yake tiba yake inafaa, na aliyeuvuka anastahili kuangaliwa upya.

Hapo ndipo udogo wa tone unapotoza gharama yake. Duara moja la mikrolita 70 lina plazima ya kiasi cha nusu yake tu. Kwa hiyo mtu mwenye nakala 1000 katika mililita ataacha katika duara hilo nakala 35 hivi au 40, na maabara itakayopoteza chache katika kuroweka na kusafisha itakuwa inahesabu mabaki. Isitoshe, damu iliyo karatasini ni damu nzima. Ndani ya chembe nyeupe za mtu anayemeza dawa zake kwa uaminifu hubaki vinasaba vya kirusi vilivyojificha katika DNA yake, navyo havimaanishi kuwa virusi vinazaliana. Mbinu ya maabara isiyovibagua na RNA, yaani vinasaba vya virusi vinavyoelea huru katika plazima, huvihesabu vyote pamoja, na jibu hupanda juu ya ukweli. Kosa hili huwa kubwa pale virusi vilipo vichache, yaani karibu na mpaka wenyewe, na lina madhara kwa binadamu: mtu hakuacha hata kidonge kimoja, naye huitwa, huhojiwa na hushukiwa, na pengine hubadilishiwa dawa zilizokuwa zikimfaa. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa vipimo waliunda namna za kuroweka karatasi zinazochota zaidi RNA ya virusi huru na kuziacha chembe, na maabara inayopokea kadi yapaswa kutumia mbinu iliyothibitishwa kwa damu kavu hasa, si ile ya plazima iliyoazimwa.

Kadi pia husafiri, na safari ina pande mbili. Uganda ilitambua hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 serikali ilikusanya upimaji wa watoto wachanga katika maabara kuu ya taifa mjini Kampala, na ikaweka vituo vya kukusanyia sampuli ambavyo kila kimoja kilikuwa na mpanda pikipiki wa kuzizungukia zahanati za jirani kwa siku maalumu, akichukua kadi mpya na kurudisha majibu ya zile za zamani. Huko Malawi, mwezi Machi 2016, serikali na UNICEF walijaribu ndege zisizo na rubani kubeba damu kavu ya watoto hadi Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe. Wakati huo sampuli ilichukua kwa wastani siku 11 kufika maabarani, na jibu liliweza kuchukua hata wiki nane kurudi. Ndege ilisifiwa sana, lakini kwa rai ya mwandishi huyu pikipiki ya Uganda ndiyo iliyostahili sifa zaidi, kwa kuwa ilipangwa kurudi. Jibu lililokwisha kuandikwa likalala katika kabati la wilaya halimtibu mtoto. Katika nchi kadhaa, Zambia na Msumbiji zikiwamo, majibu yalianza kupelekwa zahanati kwa njia ya simu, mengine yakitoka katika kijimashine cha kuchapa kilichowekwa juu ya meza ya muuguzi.

Kuna mambo ambayo karatasi haiwezi. Haihesabu chembe za CD4, kwa sababu kukauka huziua. RNA hustahimili joto na unyevu kidogo kuliko DNA, ndiyo maana kadi ya kupima wingi wa virusi haifai kusahauliwa posta majuma kwa majuma. Na katika miji na hospitali za wilaya imeanza kuachia nafasi mashine ndogo zinazotoa jibu siku ile ile, pamoja na kadi za namna mpya zinazochuja chembe na kubakiza plazima peke yake ikauke. Hata hivyo imepata kazi nyingine iliyo nzito: mgonjwa ambaye virusi vyake vimebaki juu ya 1000 baada ya ushauri na kipimo cha marudio, matone yake makavu yaweza kusomwa mpangilio wa vinasaba ili ijulikane virusi vyake vimeishinda dawa ipi, mradi kadi isikae katika joto la kawaida zaidi ya wiki mbili kabla ya kutiwa katika baridi kali ya maabara.