Gitaa la Shingo Mbili (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA: Konda wa basi la Arusha amemkabidhi kijana fundi redio boksi refu hapa Maisaka. Mzigo ni wa babu yake. Jina la mtumaji ni "Solo", mtu ambaye babu alimzika mwenyewe.

SASA ENDELEA...

Babu hakuligusa boksi. Aliniagiza nikate kamba, yeye akakaa kwenye kigoda changu, mikono katikati ya magoti, kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

Ndani kulikuwa na gitaa jekundu lenye shingo mbili, mithili ya ndama aliyezaliwa na vichwa viwili. Nikalilaza mezani katikati ya redio zilizofumuliwa.

Mteja aliyefuata simu yake akapiga kelele: "Hili si la yule Mzungu, Jimmy Page wa Led Zeppelin? Dogo, umeshatajirika!"

Page kweli alikuwa nalo la aina hiyo, Gibson EDS-1275: juu nyuzi kumi na mbili zilizopangwa mbilimbili, chini sita. "Stairway to Heaven" ya 1971 aliirekodi kwa magitaa tofauti, na jukwaani huwezi kuvua moja uvae jingine wimbo ukiwa katikati. Akabeba yote mawili kwenye mkanda mmoja, anahama kwa swichi.

"Sisi tulikuwa tunaongeza mtu," babu akasema. "Solo, ridhimu, besi, kila mmoja na lake. Mtu alikuwa rahisi kuliko shingo."

Mteja akalipa, akaondoka. Ndipo nikaligeuza. Utajiri ukaishia hapo: mgongoni hapakuwa na namba ya kiwanda. Chini ya rangi niliona mbao ya mninga na alama za patasi.

"Tulilichonga wenyewe," babu akanong'ona. "Solo aliona picha ya hilo la Mzungu gazetini, usingizi ukamwisha. Tukachonga shingo ya chini, ikatoka safi. Alipotaka kuanza ya pili nikamuuliza: shingo ya pili ya nini, na mimi ridhimu wako nipo?"

"Akajibu nini?"

"Alicheka. Nilimrushia patasi, nikaondoka. Januari 1979, wiki ileile redio ilipotangaza kwamba Mbaraka Mwinshehe kafa kwa ajali ya gari Mombasa, nikaletewa habari za Solo. Ajali pia."

"Maiti yake uliiona?"

Babu akachelewa kujibu. "Jeneza lilikuja limeshapigiliwa misumari."

Niliitazama ile shingo ya juu. Mbao yake ilikuwa na weupe wa mti mwingine kabisa, na vipini kumi na viwili vya kukazia nyuzi vilimeta kama vimetoka dukani leo.

"Basi hii nani kaichonga?"

Hakunijibu. Akalipakata gitaa, nikachomeka waya kwenye amplifaya. Vidole vyake vina baridi yabisi, chai anashikiwa kikombe, lakini vilitua kwenye shingo ya juu bila kupapasa. Akapiga mara moja.

Kibanda kizima kikajaa. Sijawahi kusikia gitaa moja likilia kama mawili.

Babu akaziminya nyuzi, zikanyamaza ghafla.

"Nyuzi kumi na mbili," akasema, "zimetoka Arusha kwenye buti ya basi, jua kali, saa tatu nzima. Hata moja haijalegea?"

"Labda zimekazwa vizuri."

"Mjukuu wangu, gitaa hili limetyuniwa leo. Hapahapa. Huyo konda, ulimwona akilitoa kwenye buti?"

Nikajaribu kukumbuka. Nilimkuta amesimama kando ya lami, boksi miguuni.

"Na basi?"

"Lilikuwa limeshaondoka."

"Konda gani anaachwa na basi lake? Wa umri gani?"

Mate yakanikauka. "Mzee. Mzee kama wewe, babu."

Alinyoosha mkono akazima taa. Upepo wa mlima Kwaraa ulikuwa ukitikisa bati. Gizani, babu akapiga mdundo wake wa zamani, polepole, kisha akauachia njiani makusudi.

Nje ya dirisha mtu akapiga mluzi, akaudaka palepale ulipokatikia.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO