Jinsi Anga la Kusini Lilivyogawanywa

Kati ya makundinyota 88 yanayotambuliwa leo, 50 yanatokana na orodha ya Klaudio Ptolemaio, mtaalamu aliyeishi Aleksandria, Misri, katika karne ya 2 BK. Kitabu chake, Almagesti, kilikuwa na makundi 48. Moja kati ya hayo, Merikebu ya Argo, lilikuja kukatwa vipande vitatu. Baadhi ya picha hizo, kama Simba na Nge, zilikwisha kuandikwa na Wababeli kwenye mabamba ya udongo karne nyingi kabla yake. Mwaka 964 Abd al-Rahman al-Sufi wa Isfahan alizipitia upya na kuchora kila kundi.

Orodha ya Ptolemaio ilikomea kwenye upeo wa macho wa Aleksandria. Mji huo uko nyuzi 31 hivi kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo nyota zilizo karibu na ncha ya kusini ya anga hazichomozi hapo kamwe. Ramani za Ulaya zilibaki na duara tupu upande huo. Utupu huo ulikuwa wa karatasi tu. Manahodha wa Bahari ya Hindi, ambao maarifa yao yaliandikwa na Ahmad ibn Majid katika karne ya 15, walizijua vyema nyota za kusini, Suheli ikiwemo, na pande za dira yao zilipewa majina ya nyota zinapochomoza na zinapotua. Walichohitaji ni mahali pa kuelekeza omo. Picha za wanyama hazikuwa na kazi kwao.

Waliojaza duara hilo walikuwa mabaharia wa Uholanzi. Mwaka 1595 msafara wao wa kwanza kwenda Indonesia uliondoka ukiwa na Pieter Dirkszoon Keyser, aliyekuwa ameagizwa na mchora ramani Petrus Plancius apime nyota za kusini. Merikebu zilikaa miezi kadhaa Madagaska. Keyser alifariki Java mwaka 1596, lakini vipimo vyake vilifika Amsterdam, na baada ya muda mfupi Plancius akachora makundi 12 mapya kwenye tufe, yakiwemo Kinyonga, Tausi, Korongo na Nzi. Mwenzake Keyser katika safari hiyo, Frederick de Houtman, alichapisha orodha yake ya nyota mwaka 1603, tena mahali ambapo hakuna mtu ambaye angeitafuta: mwishoni mwa kamusi ya Kimalay na Kimalagasi. Mwaka huohuo atlasi ya Johann Bayer iliyaeneza makundi hayo Ulaya nzima.

Mianya iliyosalia ilizibwa na mwanaastronomia Mfaransa, Nicolas-Louis de Lacaille. Kati ya 1751 na 1752, akiwa Cape Town na darubini ndogo mno, alipima karibu nyota 10,000. Aliongeza makundi 14, na karibu yote aliyapa majina ya vyombo vya sayansi na sanaa vya zama zake: Darubini, Hadubini, Saa, hata Pampu ya Hewa. Mengi ni hafifu kiasi kwamba jicho halioni chombo chochote pale. Moja tu alilipa jina la mlima, ule wa Meza ulio juu ya mji huo. Ni yeye pia aliyeanza kuigawa Argo.

Ukaribu wa nyota ndani ya kundi ni wa macho tu. Nyota mbili angavu za Kantarusi zinazouelekezea Msalaba wa Kusini huonekana jirani, ilhali moja iko umbali wa miaka ya nuru 4 na ushei, na nyingine karibu 390.

Mwaka 1922, mjini Roma, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliafiki idadi ya 88. Mbelgiji Eugène Delporte akachora mipaka, iliyochapishwa mwaka 1930, yote kwa mistari iliyonyooka ya kusimama na ya kulala kufuatana na gridi ya anga ya mwaka 1875. Tangu hapo kila nukta ya anga ina kundi lake, iwe na nyota au haina. Mipaka haihami, lakini nyota huenda taratibu: mwaka 1992 nyota Rho ya kundi la Tai ilivuka mpaka na kuingia Pomboo, nayo bado inaitwa Rho ya Tai.