Bei ya Mhuri: Kutoka Roma Hadi Nakuru

Leo tuweke kando kidogo habari za seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu mhuri. Naam, ule mhuri wa wakili.

Ukiishi Nakuru utakutana nao tu. Kitambulisho kimepotea, unatakiwa ule kiapo. Jina kwenye hati ya shamba limekosewa herufi moja, kiapo tena. Unapanda ngazi, wakili anaitazama karatasi, anatia sahihi, anagonga mhuri. Dakika mbili hivi. Halafu unauliza, "Ni pesa ngapi?" na jibu hutegemea ofisi, siku, na pengine viatu ulivyovaa.

Sasa fikiria ndugu yako aliye California anataka umnunulie ploti Njoro. Anahitaji hati ya kukupa mamlaka ya kusaini kwa niaba yake, kwa hiyo anakwenda kwa notari wa huko. Sheria ya jimbo hilo inasema notari asitoze zaidi ya dola 15 kwa kila sahihi anayothibitisha (ilikuwa dola 10 mpaka mwisho wa 2016). Huko bei ina kikomo, huku tunakisia. Kwa nini? Nilipoanza kuchimba nikakuta kwamba jambo hili lina historia ndefu, na sisi waandishi wa programu tutaielewa haraka kuliko wengi.

Kwanza, nani ni nani. Kenya tuna kamishna wa viapo (Sura ya 15 ya sheria zetu) na notari (Sura ya 17). Kamishna anathibitisha kwamba ulifika mbele yake ukaapa. Hathibitishi kwamba uliyoyasema ni kweli! Notari hutumika zaidi kwa hati zinazokwenda nchi za nje. Wote wawili ni mawakili walioteuliwa na Jaji Mkuu. Marekani ni tofauti: notari si lazima awe wakili, na watu wa kawaida kabisa wanafanya kazi hiyo.

Haya, turudi nyuma. Mwaka 301 mfalme Diocletian wa Roma alichoshwa na mfumuko wa bei, akatoa amri yenye orodha ya bei za juu kabisa za bidhaa na huduma nyingi mno. Adhabu ya kuzidisha bei ilikuwa kifo. Kinyozi asizidishe dinari 2 kwa kichwa. Kibarua wa shamba, dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Na mwandishi wa hati za kisheria, babu wa manotari wa leo, alipangiwa dinari 10 kwa kila mistari 100.

Umeiona? Alilipwa kwa mistari! Na cha kuchekesha zaidi, mwandishi wa kawaida mwenye hati nzuri kabisa ya mkono alipangiwa dinari 25 kwa mistari hiyo hiyo 100. Aliyebeba dhamana ya mkataba alilipwa chini ya aliyechora herufi za kupendeza. Amri ilipima wino, na wino hauonyeshi nani atalaumiwa mkataba ukiharibika. Lactantius, mwandishi wa zama hizo aliyemchukia sana Diocletian, anasema bidhaa ziliadimika sokoni na mwishowe amri ikaachwa.

Waingereza nao waliendelea kuhesabu maandishi. Mwaka 1596 mahakama moja ya London ililetewa jibu la kesi lenye kurasa 120, ambalo jaji aliona lingetosha kurasa 16. Ukumbuke kwamba nakala zililipiwa kwa ukurasa, kwa hiyo kurefusha maandishi kulimuumiza mpinzani mfukoni. Jaji akaamuru karatasi hizo zitobolewe tundu katikati, mwandishi wake aingizwe kichwa humo, na atembezwe kortini watu wamwone. Akapigwa na faini ya pauni 10.

Sisi tumeyapitia haya haya. Kuna wakati kampuni ya IBM ilipima kazi ya waandishi wa programu kwa maelfu ya mistari ya msimbo. Na mwaka 1982, kule Apple, wakubwa waliwataka mafundi wajaze fomu kila wiki kueleza wameandika mistari mingapi. Bill Atkinson alikuwa amepunguza sehemu ya programu ikawa fupi na ya kasi zaidi, akajaza: hasi 2000. Ukimlipa mtu kwa mistari, atakupa mistari.

Tukija nyumbani, Agizo la Malipo ya Mawakili la Kenya ni la mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na limerekebishwa mara kadhaa, ikiwemo 2014. Anayelitoa ni Jaji Mkuu. Ndani yake bado kuna kipimo kiitwacho folio, yaani maneno 100. Nakala za hati zinahesabiwa hivyo. Roho ya Diocletian bado iko kwenye majedwali yetu!

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Roma na California ziliweka dari, yaani bei isiyovukwa. Sisi tuliweka sakafu. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza wakili kujitangaza au kukubali kufanya kazi kwa malipo ya chini ya yale yaliyowekwa. Hoja yake inaeleweka: mawakili wakishindana kwa bei tu, watafanya kazi ya kulipua, na hati ya shamba iliyolipuliwa inaweza kumpotezea mtu urithi wa watoto wake. Kwa upande mwingine, kifungu cha 34 kinamzuia asiye wakili kuandaa hati za kuhamisha ardhi kwa malipo. Kwa hiyo yule kijana wa saiba anayekuchapia barua haruhusiwi kukuchapia hati hiyo kwa bei nafuu, hata kama anajua fomu zote.

Kwa nini hili lina uzito wa pekee Nakuru? Angalia historia ya ardhi yetu. Walowezi walipoondoka, mashamba mengi makubwa yalinunuliwa na kampuni za wanahisa, kama Ndeffo na Ngwataniro, kisha yakakatwa vipande vidogo vidogo. Shamba lililokuwa na mwenyewe mmoja likawa na wenyewe mamia, na kila mmoja akahitaji karatasi.

Sasa malipo ya kuuza na kununua ardhi huhesabiwa kwa asilimia ya bei, lakini kuna kiwango cha chini kabisa. Tufanye hesabu ya mfano tu. Kiwango hicho kikiwa shilingi 30,000, mwenye shamba la milioni 3 kule Rongai analipa asilimia 1. Mwenye ploti ya laki 3 analipa asilimia 10. Kadiri kipande kinavyokuwa kidogo, ndivyo sakafu inavyopanda.

Matokeo yake tunayajua. Watu wanaandikiana kwenye daftari, wazee wawili wanakuwa mashahidi, chai inanywewa. Kumbe kama ni ardhi ya kilimo, sheria ya mwaka 1967 inataka kibali cha bodi ya ardhi, na kibali hicho kiombwe ndani ya miezi sita. Hakuna aliyewaambia. Miaka kumi baadaye muuzaji amefariki, watoto wake wanasema hawakujui.

Je, mteja hana kinga kabisa? Anayo, ila wachache wanaijua. Ukiona bili ya wakili imezidi, unaweza kuomba ikaguliwe na msajili au naibu msajili wa Mahakama Kuu, na Nakuru tunayo Mahakama Kuu. Hata kama mlikubaliana kwa maandishi, kifungu cha 45 kinaruhusu mahakama kuyatupa makubaliano yaliyo ya kinyonyaji. Tatizo ni kwamba kinga hii inafaa bili kubwa. Nani atakwenda mahakamani kwa sababu ya mhuri wa kiapo cha kitambulisho?

Wapenzi wa teknolojia mtasema mtandao utashusha bei. Tusubiri kidogo. Jimbo la New York linamruhusu notari kutoza dola 2 kwa mhuri wa karatasi. Lilipohalalisha uthibitishaji kwa njia ya video mwaka 2023, likaweka kikomo cha dola 25. Zaidi ya mara kumi na mbili! Sababu mojawapo ni kwamba notari wa mtandaoni lazima atunze rekodi ya video kwa miaka 10, na yeyote aliyewahi kulipia hifadhi ya data anajua hiyo si bure. Hapa kwetu, sheria ya mwaka 2020 ya kurekebisha sheria za biashara ilifungua mlango zaidi kwa sahihi za kielektroniki. Kwa hiyo swali la bei linakuja kwetu pia.

Maoni yangu ni haya. Kubishana kama dari ni bora kuliko sakafu hakutusaidii sana kabla ya kujua kinachohesabiwa ni nini: mstari, neno, sahihi, asilimia, au muda. Kikomo cha California kinafanya kazi kwa sababu hata mtoto anaweza kuhesabu sahihi. Folio na asilimia zenye majedwali marefu zinahitaji mtaalamu, na mtaalamu mwenyewe ndiye anayekudai. Bei moja fupi ya kiapo, iliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili pale unapopandia ngazi, ingewalinda watu wa Nakuru kuliko kifungu chochote nilichokitaja hapo juu.

Na wewe kijana unayetengeneza mfumo wa sahihi za kielektroniki, kabla ya kuandika msimbo wa kutoza ada, amua kwanza unahesabu nini, kisha mwonyeshe mteja hesabu hiyo kabla hajabonyeza.