Fundi aliyerudi na deni kutoka Kagera

Pale mjini kwetu Korogwe kila mtu alimwita Afande, ingawa mimi sikuwahi kumwona na gwanda. Nilimjua na ovaroli ya bluu iliyolowa oili. Gereji yake ilikuwa chini ya mwembe: jeki mbili, boksi la spana, na benchi la mbao lililojaa wapiga soga kuliko wateja. Gari likikufia njiani usiku, ulikwenda kugonga kwake. Ukisema huna hela, jibu lake lilikuwa moja: "Nenda kwanza. Utalipa ukifika."

Nilikua nikidhani ni ukarimu tu. Nilipoanza kazi ya uandishi wa habari, nikamfuata nikitaka makala ya Siku ya Mashujaa, Julai 25. Akacheka. "Mwanangu, mimi sikupiga risasi hata moja. Nilishika spana."

Tukumbushane kidogo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera, yakapora ng'ombe na kuvunja daraja la Kyaka. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi Kyaka ni zaidi ya kilomita elfu moja, na magari ya jeshi hayakutosha. Basi yakachukuliwa mabasi na malori ya mashirika ya umma na ya watu binafsi. Mgambo nao wakaitwa kwa maelfu. Afande, wakati huo kijana wa gereji, akapelekwa kwenye magari.

Masika ya 1979, upande wa Masaka, lori lililobeba majeruhi lilikufa pampu ya dizeli. Spea hakuna, tope hadi magotini. Kando yake palikuwa na lori lingine la aina ileile, zima kabisa, la raia. Mlangoni limeandikwa jina la mwenyewe na sanduku la posta la Moshi. Afande akaamriwa, akanyofoa pampu. Majeruhi wakafika. Lile lori likasukumwa pembeni, na hakuliona tena.

Kampala ikaanguka Aprili 11, na Juni vita vikaisha. Tukaambiwa tufunge mkanda miezi kumi na minane, lakini shida ikaendelea miaka. Fedha za kigeni hakuna, spea adimu. Lori lililokufa kipindi kile halikufufuka kirahisi. Afande alikwenda Moshi mara mbili kumtafuta mwenye lori. Hakumpata.

"Waliolichukua lori ni serikali," aliniambia. "Ila aliyefungua nati ni mimi."

Hapo nikaielewa ile "utalipa ukifika". Kama hakuweza kumlipa yule mzee, basi aliona afadhali watu wengine wamdai yeye muda, na yeye asiwadai kwa ukali.

Aibu yangu ni hii: kisa cha pampu sikukiandika. Nilitaka mizinga, nikaandika mizinga. Nilikuwa nimesoma kitabu cha Tony Avirgan na Martha Honey kuhusu vita hivyo, kilichotoka 1982, nikadhani historia ni tarehe na miji iliyotekwa. Afande aliisoma makala, akalikunja gazeti taratibu. "Umeandika vizuri," akasema, akarudi chini ya gari.

Mwaka jana tulimzika. Malori yalipangana kutoka msibani hadi barabara kuu. Msemaji wa familia akasimama, akatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye ajitokeze. Wanaodaiwa walijitokeza wengi, hadi watu wakacheka katikati ya kilio. Anayedai hakutokea hata mmoja.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, nikimfikiria mzee mmoja wa Moshi. Nilikuwa nalijua lile deni, nami nikanyamaza. Leo nimeliandika.