Kagera: Shule na familia zijiandae kabla ardhi haijatikisika

WAKAZI wa Benaco, wilayani Ngara, wanaijua dharura ya kibinadamu. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliokimbia vita walivuka mpaka wa Rusumo katika muda wa takriban saa 24, na eneo hilo likageuka kambi kubwa. Majanga ya asili hayana hata dalili hiyo ya watu kuonekana barabarani.

Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliukumba Mkoa wa Kagera. Kitovu chake kilikuwa karibu na Nsunga, Wilaya ya Missenyi. Watu wasiopungua 17 walifariki dunia, zaidi ya 200 walijeruhiwa na nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka. Sekondari za Ihungo na Nyakato, zote za bweni, ziliharibiwa vibaya na kufungwa kwa muda. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Katika shule za kutwa, madarasa mengi hayakuwa na wanafunzi.

Kagera iko jirani na tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako matabaka ya miamba husogea taratibu hadi yanapokatika ghafla. Desemba 2005, tetemeko la 6.8 lilitokea katika Ziwa Tanganyika. Hakuna chombo kinachoweza kutabiri siku wala saa ya tetemeko. Kinachowezekana ni kujiandaa.

Shuleni

Mwanafunzi afundishwe kuchuchumaa chini ya dawati, kukinga kichwa na shingo, na kulishikilia dawati hadi mtikisiko uishe. Aliye nje abaki nje, mbali na kuta na nyaya za umeme. Baada ya hapo wote wakusanyike uwanjani na walimu waite majina kwa daftari la mahudhurio. Zoezi hili lifanyike kila muhula.

Nyumbani

Nyumba nyingi za vijijini ni za matofali ya udongo, na kuta zisizofungwa kwa mkanda wa zege hupasuka upesi. Aliye karibu na mlango wa nyumba ya aina hiyo atoke mara moja. Makabati yafungwe ukutani, moto uzimwe, na familia ikubaliane mahali pa kukutana. Nyumba yenye nyufa isilaliwe, kwa kuwa mitetemo midogo hufuata.

Radi

Kwa radi, kanuni hugeuka: usalama uko ndani ya jengo imara, si uwanjani wala chini ya mti, hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Januari 2025, radi iliua wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda, wilayani Bukombe, katika mkoa jirani wa Geita.

Mtoto anayezijua kanuni zote mbili hatapoteza sekunde akijiuliza akimbilie wapi.